Je, Mbwa Achanjwe Homa ya Mgunda?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu niseme neno juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo, nalo ni sindano ya mbwa. Najua wako wanaonicheka tangu sasa, maana bwenini nimekwisha kupewa jina la "Daktari wa Mbwa". Nacheka pamoja nao. Walakini nawaomba wasome mpaka mwisho, kwa kuwa habari ya mbwa huyu ni habari pia ya mama zetu walio mashambani, na ya wadogo zetu wachezao uani, na hata ya sisi wenyewe tunaolima bustani ya shule miguu mitupu.

Kwetu ni katika bonde la Kilombero, na kazi yetu ni kulima mpunga. Wakati wa masika maji husimama majarubani kwa miezi, na panya hukimbilia palipo pakavu, yaani matutani, ghalani na nyumbani. Tuna mbwa mmoja jina lake Bobi. Asubuhi humfuata Mama shamba, mchana huwinda panya katika majani mabichi, jioni hunywa maji popote ayaonapo, na usiku hulala mlangoni pale pale mdogo wangu wa miaka minne anapochezea udongo.

Mwezi wa pili mwaka huu Baba alinipigia simu kwa njia ya matroni. Baada ya salamu akasema, "Mwanangu, wewe ndiye unayesoma baiolojia. Bobi amekwisha kuchanjwa kichaa. Sasa bwana mifugo asema iko sindano nyingine mjini, ya homa ya mgunda. Tumpe, au ni kutupa fedha?" Nilijibu upesi, kama wajibuvyo watu wasiojua: "Tumpe, Baba." Akaniuliza, "Kwa nini?" Nikakosa la kusema ila kwamba chanjo ni kitu kizuri. Baba akasema, "Basi uliza kwanza, halafu uniambie." Nimeuliza kwa mwalimu wetu, nimesoma, na haya ndiyo majibu yangu.

Kwanza nieleze kwa nini Baba aliuliza. Kabla ya Bobi tulikuwa na mbwa aitwaye Simba. Mwezi wa nne mwaka 2022 Simba alikataa chakula, akatapika, akawa anakunywa maji bila kukoma, na siku ya tatu macho yake na ufizi wake vikawa vya manjano kama vimepakwa bizari. Siku ya nne akafa. Hakupimwa na mtu. Baba aliamini kwamba amelishwa sumu, na kwa kuwa Simba aliwahi kula kuku wa jirani, mashaka yote yakamwangukia jirani huyo. Maneno makali yalisemwa. Tangu siku hiyo nyumba zetu mbili hazikuamkiana tena, na sisi watoto tukakatazwa kuteka maji kisimani kwao, tukawa twenda mbali.

Sasa tuutazame ugonjwa wenyewe. Homa ya mgunda huletwa na bakteria wa jamii ya leptospira, mwembamba kama uzi uliosokotwa, mwenye ncha iliyopinda kama ndoana. Hukaa katika figo za wanyama: panya, ng'ombe, nguruwe, mbwa na wengineo, na hutoka pamoja na mkojo. Katika maji yaliyosimama au udongo wenye unyevu aweza kuishi majuma mengi. Katika ukavu na jua kali hufa upesi. Mtu hupatwa anapoingiwa na maji hayo au matope hayo kwa njia ya mchubuko wa ngozi, au macho, au pua, au kinywa. Dalili huanza mara nyingi baada ya siku tano hata kumi na nne: homa, kichwa kuuma, misuli ya miguu kuuma, macho kuwa mekundu. Wengi hupona. Lakini wengine huingia katika hali mbaya: ngozi na macho huwa ya manjano, figo hushindwa kazi, na mapafu hutoka damu. Hali hiyo mbaya ilielezwa na daktari Mjerumani Adolf Weil mwaka 1886, na mdudu mwenyewe alipatikana Japani mwaka 1915 na Inada pamoja na wenziwe.

Neno mgunda maana yake ni shamba, na jina hili Watanzania wengi walilisikia mara ya kwanza mwezi wa saba mwaka 2022. Watu wa wilaya ya Ruangwa, mkoa wa Lindi, waliugua homa, uchovu na kutoka damu puani, na nchi nzima ikaingiwa na hofu ya ugonjwa usiojulikana. Tarehe 18 Julai Waziri wa Afya alitangaza kwamba ni homa ya mgunda. Wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 20, na watatu kati yao walikufa. Nyumbani tulisikiliza tangazo lile redioni. Simba alikuwa amekufa miezi mitatu tu nyuma, macho yake manjano, wala hakuna hata mmoja wetu aliyeunganisha habari hizi mbili.

Msiseme kwamba haya ni ya Ruangwa peke yake. Watafiti waliofanya kazi katika hospitali mbili za Moshi miaka ya 2007 na 2008 waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Waganga walikuwa wamewaandikia malaria wagonjwa 528. Vipimo vilipofanywa kwa uangalifu, wenye malaria kweli walikuwa 14 tu! Na kati ya wale waliopimwa homa ya mgunda, karibu tisa katika kila mia walikuwa nayo. Basi ugonjwa huu ulikuwapo, nasi tulikuwa tukiuita kwa jina la mwingine.

Habari hii ilinigusa kwa sababu ya Mama. Mwaka jana wakati wa palizi alishikwa na homa kali, akawa hawezi kusimama kwa maumivu ya miguu. Alipimwa malaria mara mbili, haikuonekana, lakini akapewa dawa za malaria. Hakupata nafuu. Mara ya tatu alimkuta mganga mwingine aliyemwuliza swali moja tu: "Mama, kazi yako nini?" Alipojibu kwamba analima mpunga, mganga alimpa dawa ya doksisaiklini, naye akapona. Hakupimwa homa ya mgunda, kwa hiyo sisemi kwamba ndiyo iliyomshika. Nasema tu kwamba swali lile la mganga lilikuwa na thamani kuliko dawa zote zilizotangulia.

Basi, je, Bobi achanjwe? Wako wasemao hapana, na hoja zao si za kipuuzi.

Hoja ya kwanza ni kwamba chanjo hii haikingi aina zote. Aina za leptospira ziletazo maradhi hupita 250, na chanjo humkinga mbwa na zile zilizotiwa ndani yake, au jamaa zake wa karibu. Chanjo za zamani zilikuwa na aina mbili, za sasa nyingi zina nne. Hapa Morogoro wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wamewachunguza wanyama kwa miaka mingi. Katika ng'ombe walipata aina iliyopewa jina la Sokoine, nayo ni ya jamii moja na aina iliyomo katika chanjo karibu zote za mbwa. Lakini katika panya buku walipata aina iitwayo Kenya, ambayo ni ya jamii nyingine, nayo haimo katika chanjo hizo. Na Bobi huwinda panya buku! Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mbwa aliyechanjwa hawezi kuugua mgunda kabisa, hakusema kweli.

Hoja ya pili ni gharama. Sindano ya kwanza hufuatwa na ya pili baada ya majuma mawili hata manne, kisha lazima irudiwe kila mwaka. Mwenye kuchanja mara moja tu na kuacha amepoteza fedha yake. Kwetu sindano mbili pamoja na nauli ya mjini hupita bei ya majogoo wawili. Tena dawa yenyewe yataka ubaridi; ikisafiri juani mfukoni mwa mtu, yaweza kufika imekwisha nguvu.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Mwalimu wetu aliniuliza, "Ukimchanja mbwa, umemkinga nani?" Nikasema, "Mbwa, na pengine wale wanaokaa naye." Akasema, "Na Mama yako aliye ndani ya maji magotini, maji yaliyokojolewa na panya mia, amekingwa na nini?" Sikuwa na jibu. Chanjo ya watu iko katika nchi chache kama Cuba na Ufaransa. Hapa kwetu haitolewi hospitalini. Kwa hiyo mkulima hukingwa na viatu vyake, na kwa kupunguza panya, na kwa kwenda hospitali mapema.

Wasemao ndiyo nao wana haki yao. Mbwa aliyeambukizwa, hata akipona, aweza kutoa wadudu katika mkojo kwa majuma au miezi, naye hakojoi porini peke yake. Hukojoa uani, penye mtungi na penye watoto. Panya tunamfukuza, lakini mbwa tunampapasa. Chanjo imetengenezwa kwa wadudu waliokufa, kwa hiyo haiwezi kumpa mbwa ugonjwa huo. Wachache huvimba kidogo mahali pa sindano au huchoka siku moja. Wachache sana hupata mzio mkali, ndiyo maana yafaa mbwa akae karibu na mganga kitambo kidogo. Na mwaka 2024 wataalamu wa chama cha ulimwengu cha waganga wa wanyama wadogo walishauri kwamba chanjo hii iwe ya lazima kwa mbwa katika nchi zenye ugonjwa, ambako aina zake zinajulikana na chanjo ifaayo inapatikana. Hawakusema ni anasa ya mbwa wa matajiri.

Nimepima pande zote mbili, na shauri langu ni hili: Bobi achanjwe, lakini sindano hii isimame mahali pake katika foleni, nayo ni mahali pa nne.

Mahali pa kwanza ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Hapa hakuna mjadala. Mgunda una dawa, nayo hufaa sana ikianzwa mapema. Kichaa kikishaonyesha dalili, mtu hafi mmoja kati ya wengi, bali hufa karibu kila mmoja. Katika kila watu mia wafao kwa kichaa, 99 hivi walikipata kwa mbwa. Mtu mwenye fedha ya sindano moja tu asifikiri mara mbili.

Mahali pa pili ni viatu virefu vya mpira kwa kila aingiaye majarubani, na kitambaa safi cha kufunika kila mchubuko. Mama wa nyumba akiwa hana viatu, na mbwa ana sindano mbili, tumeweka mambo juu chini.

Mahali pa tatu ni panya. Ghala liinuliwe juu ya nguzo, na nguzo zivishwe bati, takataka zichomwe, maji ya kunywa yafunikwe na kuchemshwa, chakula cha mbwa kisilale nje usiku, kwa kuwa makombo ya mbwa ni karamu ya panya.

Haya yakitimia, sindano ya mgunda ifuate, hasa kwa mbwa kama Bobi awindaye panya na kulala mlangoni. Mbwa akaaye milimani pakavu, asiyetoka uani, pengine aweza kungoja. Tena kuna namna ya kupunguza gharama. Kinga hudumu kama mwaka mmoja, basi yafaa sindano zitolewe kabla ya mvua, mwezi wa kumi na wa kumi na moja, ili nguvu yake ikutane na masika. Na majirani wakikubaliana watu kumi, bwana mifugo aweza kuja mara moja na kasha lake la barafu, na nauli ikagawanywa. Umoja ni nguvu hata katika mambo ya mbwa. Kabla ya kulipa, mwenye mbwa amwulize mganga: "Chanjo hii ina aina zipi?" Si ujeuri kuuliza. Mnunuzi wa mbegu huuliza aina ya mbegu.

Nisemapo haya siwezi kuisahau shule yetu. Walinzi wetu wana mbwa watatu wapendwao na kila mtu. Hushinda nyuma ya jiko, ambako maji ya kuoshea vyombo hutuama, na panya wa ghala la mahindi hushuka hapo usiku. Sisi hupita hapo na ndoo, wengi miguu mitupu, kwenda bustanini. Sisemi kwa kulaumu, maana mifereji hiyo tumeikuta na tumeizoea. Lakini naomba kwa heshima wakubwa wa shule wafikiri mambo matatu: mfereji wa nyuma ya jiko ufukuliwe ili maji yasisimame, mwanafunzi asiingie bustanini bila viatu wakati wa mvua, na mbwa wale watatu, ambao ni watumishi wa shule kama wengine, wachanjwe kichaa kila mwaka, na mgunda pia fedha ikipatikana. Mfereji wa kwanza sisi wa Kidato cha Nne twaweza kuufukua wenyewe Jumamosi moja kabla hatujaanza mitihani. Mimi niko tayari, na jembe ninalo.

Nilipokwisha kuyajua haya nilimwambia Baba kwa simu, nikamweleza pia habari ya macho ya manjano. Nilimwambia kwamba hatuwezi kujua kwa hakika ni nini kilichomwua Simba, kwa sababu hakupimwa, na maradhi mengine pia yaweza kumfanya mbwa hivyo. Lakini hatuwezi kusema tena kwamba ilikuwa sumu. Baba alinyamaza kitambo kirefu hata nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Nimesikia."

Likizo ya Pasaka nilipokwenda nyumbani niliona jozi mbili za viatu vya mpira ukutani, na chini ya ghala nguzo zimevishwa bati. Bobi alikuwa hajachanjwa mgunda. Baba amesema itakuwa mwezi wa kumi, mavuno yakiisha kuuzwa, na majina ya wenye mbwa sita amekwisha kuyaandika katika daftari. Jina la kwanza katika daftari hilo ni la jirani yetu. Walisemezana nini siku Baba alipokwenda kwake jioni sijui, wala sikuuliza, maana si mambo ya watoto. Najua tu kwamba asubuhi yake Mama alinipa ndoo akasema, "Nenda kisimani pale karibu." Nikaenda, nikamkuta mzee yule amekaa barazani. Nikasema, "Shikamoo, babu." Akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu. Shule hawajambo?"

Kwa hiyo, wasomaji wapenzi, msidhani kwamba swali la sindano ya mbwa ni dogo. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini aulizaye huambiwa, nami niliambiwa kwa sababu Baba hakukubali neno "tumpe" pasipo sababu yake. Haya ni maoni yangu mimi mwanafunzi, si ya mganga. Asiyekubaliana nami, hasa yule aliyenipa jina la Daktari wa Mbwa, na achukue kalamu anijibu katika toleo lijalo. Nami nitamsoma kwa furaha.

Wenu katika masomo,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne